Mwezi juu ya makaburi: Picha moja ya kutazama na mtoto

Jioni ya Novemba 1, 1941, baba mmoja alikuwa akirudi Santa Fe, Marekani, akiwa garini na mwanawe wa miaka minane na rafiki yao. Siku nzima alihangaika kupiga picha, asipate ya maana. Walipofika kijiji cha Hernandez akaona mwezi umechomoza, na jua la mwisho likimulika misalaba ya makaburini. Akasimamisha gari, akawapigia kelele wenzake wamletee vifaa upesi.

Baba huyo alikuwa Ansel Adams. Kipimo chake cha mwanga hakikuonekana, akakadiria kwa kung'aa kwa mwezi. Akapiga moja. Kabla hajapiga ya pili, jua likaondoka kwenye misalaba.

Mzazi, itafute kwenye simu kwa jina la ‘Moonrise, Hernandez, New Mexico’ na ukae na mtoto. Usimweleze kitu kwanza. Muulize macho yake yameanzia wapi.

Zaidi ya nusu ya picha ni anga jeusi, na mwezi humo ni mdogo kama punje. Kijiji kimebanwa chini, na kanisa lake dogo. Wengi wetu tungelikata anga hilo ili kijiji kionekane vizuri. Sasa mwambie mtoto alizibe kwa kiganja. Kinachobaki ni kijiji cha kawaida tu. Akiondoa mkono, ule ukimya unarudi. Na kwa kuwa hakuna rangi, macho yanafuata weupe: mwezi, mawingu, theluji milimani, kisha misalaba.

Anga lenyewe halikuwa jeusi hivyo. Katika nakala za mwanzo lilikuwa na weupe kidogo. Adams alizidi kulitia giza miaka ilivyokwenda, kila aliposafisha picha upya. Mtoto akiuliza kama huo si uongo, ameuliza swali zuri. Adams, aliyekuwa pia mpiga piano, alifananisha filamu na muziki ulioandikwa, na picha iliyosafishwa na kuupiga muziki huo.

Huenda pia akauliza nani wamezikwa pale. Usilikwepe swali. Mtoto aliyefiwa na bibi yake pengine atasema hapo jambo ambalo hakulisema msibani, kwa sababu siku ile watu wazima walikuwa na shughuli nyingi. Akinyamaza, mwache.

Baadaye mpe simu, jioni, apige picha ya nje ya nyumba yenu. Moja tu.