Kulipia kifaa ambacho hakijatengenezwa

Vijana wetu hunionyesha kwenye simu saa na droni za bei ya chini huko Kickstarter, wakaniuliza kama wanunue. Pale hununui. Unamchangia mtu atengeneze kitu, naye anakuahidi kimoja kikikamilika. Afadhali mbuzi kwenye gunia. Huyu hata hajazaliwa.

Tazama bei zinavyopangwa. Mwaka 2012 saa ya Pebble ilitolewa kwa dola 99 kwa waliowahi, waliofuata wakalipa 115, na madukani ikaja kuuzwa 150. Ile dola 51 si zawadi, ni ujira wako wa kubeba hatari. Ahadi ilikuwa Septemba. Saa zikaanza kutumwa Januari 2013. Na hao walibahatika.

Droni ya Zano, ya kampuni moja ya Wales, ilichangiwa zaidi ya pauni milioni 2 na watu zaidi ya 12,000. Novemba 2015 kampuni ikafilisika, na wengi hawakuona droni wala pesa. Kickstarter huchukua asilimia 5 yake mradi ukifikisha lengo, lakini hauahidi kumrudishia mchangiaji chochote.

Ukiagiza ukiwa hapa Mombasa, bado kuna nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya dukani. Kisha tafuta video inayoonyesha kifaa chenyewe kikifanya kazi, si picha za kuchorwa kwa kompyuta. Na kama pesa ni ya karo, ngoja kifike dukani.