Kabla hujatia maji ndani ya kompyuta

Mwezi uliopita nilipigiwa simu alfajiri, hata kahawa sijaitia mdomoni. Alikuwa kijana niliyemfunza kutengeneza kompyuta hapa Mombasa miaka ya nyuma, ambaye sasa amerudi kwao Mukuyuni, kaunti ya Makueni, na riziki yake ni kuhariri video za harusi.

"Mwalimu, pole kukusumbua mapema," akasema. "Mashini imezima yenyewe. Na chini kuna maji."

Kwa fundi wa bomba hiyo ni kazi ya kila siku. Kwa fundi wa kompyuta ni msiba, na huyu alikuwa na harusi mbili za watu ndani ya diski, hajazimaliza wala hajazinakili kwingine. Wiki ileile nilikuwa na safari ya Nairobi, nikakata shauri nipitie kwake.

Msomaji ambaye hajawahi kuona kompyuta ya maji asistaajabu. Ni kama injini ya gari. Pampu ndogo huyasukuma maji, yakapita juu ya bloku ya shaba iliyobanwa juu ya prosesa na kadi ya picha, yakabeba joto hadi kwenye rejeta yenye feni, kisha yakarudi. Wala si jambo geni. IBM ilipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960. Mwaka 2004 Apple ilitoa Power Mac G5 iliyopozwa hivyohivyo, na baadhi ya mashini hizo baadaye zikavuja zikaunguza bodi zake. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi wake kilivujiwa, sisi wa kuunga wenyewe mezani tuna sababu mara mbili ya kuwa waangalifu.

Nilipoifungua mashini ya kijana niliona kwamba fedha zake zote zilikwenda kwenye prosesa na kadi ya picha. Mpira wa kupitishia maji na viungio vyake alivinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Humo ndimo ulimokuwa ugonjwa.

Tuanze na mpira. Kiungio kinachotumiwa sana kwa mpira laini kina kipande cha ndani ambacho mpira unavikwa, na kola ya nje inayokazwa juu yake. Kwa hivyo vipimo ni viwili: upana wa ndani na upana wa nje. Ukiona imeandikwa 10/13, maana yake milimita 10 ndani na 13 nje. Kuna pia 10/16 na 13/19. Kijana alikuwa na viungio vya 10/13, akaenda kununua mpira wa duka la vifaa vya ujenzi ambao ndani ni 10 sawasawa, lakini nje ni 12. Uliingia vizuri, hata ukamridhisha. Kola ikakazwa mpaka mwisho, lakini haikuwa na kitu cha kubana. Mpira ukiwa baridi ulishika. Siku ya kazi ndefu maji yalipopata moto, ukalainika, ukateleza ukatoka.

Basi ukienda dukani chukua kipimo cha kalipa, usiamini maneno ya muuzaji wala karatasi iliyobandikwa. Na kama huna haja ya mashini kuwa ndogo sana, mimi nakushauri 10/16. Ukuta wake ni mnene, hukunjwa kwenye kona bila kukunjamana na kuziba njia. Wengi hukimbilia mpira mpana wakidhani maji mengi ndiyo baridi zaidi. Tofauti ya joto kati ya 10 na 13 kwa ndani ni ndogo mno, haifai kukunyima usingizi.

La pili lilinihuzunisha zaidi kwa sababu lilitoka kwa fundi mwenye bidii. Matundu ya bloku, rejeta na tangi la kompyuta huwa na hesi inayoitwa G1/4. Hiyo ni robo inchi ya BSP, ukoo uleule wa hesi za mabomba ya nyumba zetu, ingawa ukiipima kwa nje ni kama milimita 13. Kijana alikosa kiungio kimoja, akasema si ni robo inchi tu, akanunua elbo ya bomba. Kumbe hesi za G1/4 ni za kunyooka, upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira iliyo kwenye shingo ya kiungio. Hesi za kiume za bomba aghalabu huwa zimechongoka, zinazidi kunenepa kila unapozungusha, na hutegemea tepu nyeupe ya mafundi. Ukiitia hiyo kwenye tundu la plastiki ngumu na kuikaza kwa spana, unapiga kabari. Tangi lake lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kiungio cha kompyuta hakitaki tepu wala spana. Kikaze kwa mkono mpaka oringi ikae, basi. Kabla ya kukifunga ipanguse ile oringi na uiangalie: ikiwa imekatika au imepinda, kiungio hicho hakifai hata kama kinang'aa. Viungio vya kujizungusha vya pembe 90 ni vizuri pale nafasi ni finyu, ila kila kimoja kina oringi zaidi ndani yake, yaani mlango mwingine wa kuvuja. Palipo na uwezekano wa kupindisha mpira, pindisha mpira.

Sasa, mpira wa aina gani? Ule unaopendeza kwenye picha ni wa kuonyesha, wa PVC, maji yakapita na rangi yake. Tatizo ni vile vilainishi vinavyotiwa kiwandani ili PVC ipindike. Miezi ikipita hutoka, mpira ukawa na ukungu, na utando ukaenda kuziba mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko meno ya kitana. Silikoni ni laini lakini hupitisha mvuke, maji yakapungua bila kuona tone. Mpira mweusi wa EPDM hauna uzuri wowote wa kuonyesha watu, na ndio ninaoutumia. Joto hauuogopi na hautoi uchafu.

Wako wanaotaka neli ngumu zilizonyooka. Za PETG hupindwa kwa urahisi kwa hewa ya moto, lakini huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na pampu ikisimama kazi ikiendelea si mbali kufika pabaya. Akriliki hustahimili joto zaidi ila hupasuka haraka ukiikata vibaya. Na hapa pwani kumbuka jambo hili: maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji ya mashini yenye kazi kubwa yatakuwa 42 au zaidi. Mtu wa Mukuyuni ana nafuu kidogo ya hewa, ila ana vumbi jekundu linaloziba rejeta.

Metali nazo zisichanganywe ovyo. Shaba, brasi na nikeli hukaa pamoja kwa amani. Ukitia rejeta ya alumini kwenye mzunguko wenye bloku ya shaba, alumini italiwa polepole, na uchafu wake utazunguka kila mahali. Uliza kabla ya kununua, maana rangi nyeusi ya nje huficha yote.

Kijana alikuwa ametumia maji ya kisima, akayachemsha kwanza. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi haiondoki, na visima vingi vya Ukambani vina chumvi kama vyetu vya pwani. Yanayotakiwa ni maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu inayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya betri ya kwenye vituo vya petroli yanaweza kufaa, lakini soma chupa mara mbili: jirani yake kwenye rafu huenda ikawa asidi ya betri.

Tulipounga upya, niliacha vifaa vyote bila umeme isipokuwa pampu. Pawasaplai huwashwa peke yake kwa kuunganisha waya wa kijani na mmojawapo wa mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, nayo ikiwa imechomolewa kwenye bodi na ukutani kabla ya kugusa. Tukatandika karatasi za shashi chini ya kila kiungio, pampu ikazunguka usiku kucha. Asubuhi nilizigusa moja moja, kavu.

Diski yake ilikuwa salama, alhamdulillahi, na bibi harusi wote wawili wamepata video zao. Kadi ya picha haikupona. Nilimwambia wazi kwamba prosesa aliyo nayo ingetosheka na kipoza cha feni kizuri, bila tone la maji, na fedha za pampu na rejeta zingekuwa zimenunua diski ya pili ya kunakilia kazi za watu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, lakini maji hayana kelele." Hapo sikuwa na jibu. Feni zake za zamani nilizisikia siku moja kwenye simu, nikadhani yuko karibu na posho mili.

Nilimwachia kipande cha mpira wa 10/16 na kalipa yangu ya zamani. Kadi nyingine bado anaitafutia fedha.