Umeme ukirudi na faili hazionekani: usikimbilie kuunda upya

Huku kwetu tumezoea: umeme unaenda bila kuaga, unarudi saa inayotaka. Asubuhi moja hapa redioni tuliwasha ordinatere inayochunga vipindi vya zamani, tukakuta dosie iko tupu. Ndani mulikuwa masimulizi ya wazee, mazungumzo na wakulima, matangazo ya watoto waliopotea. Mwenzetu mmoja akasema tuunde kila kitu upya. Fundi akamshika mkono, na vizuri alimshika.

Mashini ile inatumia Linux. Iko na disiki mbili, na programu mdadm inaziunganisha zionekane kama moja. Kila sauti inaandikwa mara mbili, ili disiki moja ikikufa, ya pili ibaki. Lakini kundi hilo linasimamiwa na programu tu. Kila mara mashini inapowaka, inapaswa kulikusanya tena. Ni hapo matatizo yanaanzia.

Tatizo la kwanza ni jina. Kila disiki inabeba alama inayosema ni ya kundi gani. Kama kundi halikuandikwa kwenye faili /etc/mdadm/mdadm.conf, mashini inaweza kulipa jina ingine, mara nyingi md127 pahali pa md0. Lakini faili /etc/fstab ingali inatafuta md0, na haiipati. Ni kama mgeni anayekutafuta kwa jina la zamani la avenue: nyumba haikuhama.

Tatizo la pili: disiki moja haikuitika. Labda waya umelegea, labda disiki imechoka.

Basi wewe unayechunga mashini ya shule, kituo cha afya ao shirika, ufanye hivi:

1. Andika cat /proc/mdstat. Kwa disiki mbili, ukiona [UU], zote ziko. Ukiona [U_], moja imekosa. Angalia pia jina la kundi.

2. Kama kundi halionekani, andika mdadm --examine na jina la kila disiki ao kipande chake. Kama alama ingali pale, tumaini ni kubwa.

3. Jaribu mdadm --assemble --scan. Hiyo inakusanya disiki kwa kufuata alama zake. Kama kundi limeandikwa «inactive», lisimamishe kwanza kwa mdadm --stop.

4. Usiandike mdadm --create. Hiyo inaweka alama mpya juu ya zile za zamani, na inaweza kuharibu kila kitu kilichokuwamo.

Kundi likishasimama, andika mdadm --detail --scan na uweke jibu lake ndani ya mdadm.conf. Kwa Debian na Ubuntu, malizia na update-initramfs -u, juu mashini inasoma nakala ya faili hiyo mapema sana inapowaka. Na kwenye fstab, tumia UUID ya faili sisitemu kuliko jina md0, sababu yenyewe haibadiliki.

Kwetu ilikuwa ni jina tu. Sauti zote tulizikuta. Lakini fundi alituachia neno: disiki mbili hazilindi faili iliyofutwa kwa makosa, juu inafutika kwa zote mbili. Mwizi naye anabeba mashini nzima. Sasa tuko na disiki ya tatu, na haikai hapa redioni.