Mtoi wa Bahari Anataka Kuhamia Oraba

Voice note iliingia saa nne usiku nikiwa Mtwapa, nakula viazi karai. Ni yule beshte yangu wa Oraba, msee wa kushughulikia makaratasi ya malori pale Uganda, mpakani na Kaya ya Sudan Kusini. "Buda, nimepata tangi la lita mia mbili. Sitaki ngege, hao nawala kila siku. Nataka yule samaki mwembamba wa rangi, wa kwenu huko baharini. Akiwa bado mtoi. Mpe dere yeyote anakuja huku amebeba simiti."

Nilicheka hadi ukwaju ukanipanda puani. Kutoka Mombasa hadi Oraba ni kama kilomita 1,700. Lori la simiti likifika, huyo mtoi atakuwa ameshaiva supu ndani ya mfuko.

Lakini swali lake liko fiti. Kwa hivyo bro, hii ni yako, na ya kila msee wa Koboko au Arua ambaye amejaza bahari kichwani.

Kwanza, babake ni nani?

Huku pwani tunamjua pono, yule mnene wa mdomo wa kasuku. Hawa wembamba unaowataka ni mabinamu zake. Dukani wanaitwa wrasse, na wanasayansi wengi siku hizi wanawaweka wote ukoo mmoja, Labridae, wenye spishi zaidi ya 600. Bado wanazidi kupatikana. Mwaka 2019 alitangazwa mmoja wa Zanzibar, anayeishi kina ambacho mzamiaji wa kawaida hafiki. Ana zambarau ya kifalme mwilini, wakamwita Cirrhilabrus wakanda. Ndio, ile Wakanda ya sinema.

Sasa, ujanja wa hii mbogi ni kwamba mtoi hafanani na mkubwa. Coris formosa akiwa mdogo ni kitu kidogo na mistari myeupe, unaeza mlilia. Akikomaa anaeza fika sentimita 60. Anapindua mawe, anamanga konokono na kaa wako wote, na tangi lako linakuwa kama beseni la kuogea. Kwa hivyo kabla utoe doh, itisha picha ya mzae wake.

Mimi ningekuchukulia Halichoeres iridis, msee wa huku huku magharibi mwa Bahari Hindi. Kichwa rangi ya chungwa, mwili kama zabibu iliyoiva, na hata akimaliza kukua hafiki sentimita 12. Tena anaanza maisha kama manzi. Akikaa mkubwa kuliko wenzake, anaeza geuka dume. Hiyo stori utawapigia wazee wa mtaa ukiwa na chai mkononi.

Yule wa kusafisha wenzake, Labroides dimidiatus, mwache. Huyo ni kinyozi. Anafungua kibanda kwa mwamba, samaki wengine wanapanga foleni, anawatoa wadudu na ngozi iliyokufa. Ana akili pia: 2019 watafiti waliandika kwamba akiwekwa alama kooni, akijiona kwa kioo, anaenda kujisugua hapo. Lakini kwa tangi dogo kinyozi hana wateja, na wengi wao wanakonda hadi wanadedi.

Na kitu kingine, uliza ametoka wapi. Mvuvi mwenye leseni anamshika na wavu. Ndani ya hifadhi ya Kisite, karibu na Shimoni, hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Samaki asiye na karatasi atakuletea ngori, na wewe ndio mwalimu wa karatasi.

Bahari ya kupika

Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi lako la lita 200 linataka kilo saba. Usinikimbilie duka la jikoni, na usinitumie mtu Ziwa Katwe. Chumvi ya ziwa si ya bahari. Unataka ile iliyochanganywa kwa ajili ya matangi, na maji yaliyochujwa vizuri, si ya kisima moja kwa moja. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Huko kwenu mchana wa Februari tatizo halitakuwa hita, ni kupoza. Weka tangi mbali na dirisha, feni ikipiga juu ya maji.

Halafu unangoja. Taka za samaki zinatoa amonia, na amonia inaua. Kuna bakteria wa kuigeuza nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wa kuigeuza nitrati, ambayo samaki anaeza vumilia kiasi. Hao bakteria hawauzwi kwa kibanda cha simu. Wanajikuza wenyewe kwenye mawe na mchanga, wiki nne hadi sita. Tangi tupu, taa zinawaka, majirani wanakuuliza kama umechizi.

Safari na mfuko

Hapa ndio wengi huua samaki wakidhani wanamwonea huruma. Mtoi ataruka na ndege hadi Entebbe, apande basi la usiku hadi Arua, kisha Koboko hadi kwako. Masaa yote hayo anapumua ndani ya mfuko. Kaboni dioksidi inajaa, maji yanakuwa na asidi, na hiyo asidi ndio inaituliza amonia isimchome. Ukifungua tu, gesi inatoka, asidi inapungua, na amonia iliyokuwa imelala inaamka na kisu.

Kwa hivyo ile mbinu ya kudondosha maji tone kwa tone masaa mawili ni ya msee aliyenunua samaki mtaa wa pili. Wewe pigia muuzaji simu mapema, uliza chumvi ya mfuko ni kiasi gani, utengeneze tangi dogo la karantini liwe sawa sawa. Mfuko uelee humo ukiwa umefungwa, dakika ishirini, joto lilingane. Fungua, mhamishe fasta, maji ya mfuko umwage nje. Chumvi utapandisha polepole siku zinazofuata.

Karantini sihitaji kukufunza. Mwaka 2020 uliona madere wakilala chini ya matrela wakingoja majibu ya korona. Mtoi naye akae wiki nne peke yake, ujue amebeba nini kabla aambukize nyumba nzima. Mwekee bakuli la mchanga humo ndani.

Mchanga ndio kitanda

Hilo bakuli si urembo. Halichoeres akisikia usingizi au akiogopa, anajizika mchangani mzima mzima. Ndio maana tangi kubwa linataka mchanga laini, sentimita tano hadi nane. Mchanga wa ujenzi wenye ncha utamkata kama viwembe.

Siku ya kuhama, zima taa. Mtie kwanza kwenye kiboksi chenye matundu ndani ya tangi kubwa, siku moja au mbili, wenyeji wamcheki bila kumpiga. Ukimwachilia, atapiga mbizi kwa mchanga na kupotea. Mathe atasema amededi. Jirani atasema uliibiwa. Kaa ngumu, usichimbe! Bado anaogopa nyumba mpya, na anaeza kaa huko siku kadhaa. Kila asubuhi weka kamba wadogo kidogo tu, toa mabaki, tulia. Kuna siku utaona macho mawili yamechomoza.

Na ufunike tangi na wavu. Hawa wasee wanaruka. Usingependa kumwokota sakafuni amekauka kama muziri, wale samaki wadogo wa kwenu.

Jibu langu

Sasa turudi kwa ile voice note. Kitu pekee sijakugusia ni stima. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na wewe unajua kuliko mimi vile Oraba huzimika bila hodi. Pampu ikisimama usiku mzima, hewa inaisha majini, na mtoi aliyejizika mchangani ndio wa mwisho wewe kujua ameishia.

Kwa hivyo washa tangi bila samaki, hizo wiki sita. Tundika karatasi ukutani. Kila stima ikienda, andika saa ya kwenda, saa ya kurudi, na kama betri ya sola ilishikilia pampu. Ikiisha, piga picha unitumie. Nikisoma nione pampu haikulala hata usiku mmoja, naenda kwa mvuvi Shimoni siku hiyo hiyo.