Walilelewa Makaoni, Lakini Wazazi Wao Walikuwa Hai

Kumbukumbu za makao ya zamani ya watoto katika jiji la New York ni hazina kubwa kwa anayetafuta nasaba yake, lakini husomwa vibaya mno. Chanzo cha usomaji huo ni swali ambalo wahifadhi nyaraka wameulizwa kupita kiasi: babu alilelewa katika makao ya yatima, je, wazazi wake walikufa lini? Swali hilo lina kosa ndani yake. Linachukulia kuwa kweli kifo ambacho hakuna aliyekithibitisha, kisha linamtuma mtafiti akakitafute. Anayeanza na swali hilo hupekua vyeti vya vifo vya miaka kumi au ishirini akiwasaka watu ambao, mara nyingi, walikuwa hai na wakiishi katika jiji lilelile.

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wengi waliokuwa katika makao hayo walikuwa na mzazi mmoja aliye hai. Baadhi yao walikuwa na wazazi wote wawili. Jambo hili si ugunduzi mpya wala si nadharia ya wanahistoria wachache. Limeandikwa katika rejesta zenyewe, safu kwa safu, na hata katika majina ya taasisi. Mwaka 1806 wanawake wa jiji hilo, wakiwamo Isabella Graham na Elizabeth Hamilton, mjane wa Alexander Hamilton, walianzisha shirika la makao ya yatima lililowalenga watoto waliofiwa na wazazi wote wawili. Likabaki tatizo la wale waliofiwa na mzazi mmoja, ambao walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1835 likaundwa shirika jingine mahsusi kwa ajili yao, na jina lake lilitamka wazi kwamba ni la watoto waliofiwa na mzazi mmoja na watoto mafukara.

Sababu za mzazi aliye hai kumpeleka mtoto makaoni zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za kawaida. Mjane aliyepata kazi ya ndani alitakiwa kulala kwa mwajiri, na waajiri walio wengi hawakukubali aje na mtoto. Mwanamume aliyefiwa na mke alifanya kazi kutwa nzima bandarini au kiwandani, na hakuwa na ndugu wa kumwachia wadogo. Kifua kikuu kiliwalaza wazazi hospitalini kwa miezi. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwachukua akina baba, na wengine waliorudi walikuwa vilema. Wapo waume waliotoroka familia, na wapo wazazi waliofungwa jela. Hapakuwa na bima ya ugonjwa wala msaada wa serikali kwa mama mwenye watoto. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya posho kwa wajane wenye watoto mwaka 1915 tu. Kabla ya hapo makao ya watoto ndiyo yaliyoziba pengo hilo. Mzazi alimwacha mtoto kwa miezi au miaka kadhaa, akalipa ada ndogo kila alipoweza, kisha akaja kumchukua hali ilipotengemaa.

Sheria nayo ilikuza mtindo huo. Mwaka 1875 jimbo la New York lilipiga marufuku kuwaweka watoto wa miaka 3 hadi 16 katika nyumba za maskini, likaagiza wapelekwe kwa familia au kwenye taasisi zinazofuata dini ya wazazi wao. Jiji likawa linazilipa taasisi binafsi kwa kila mtoto aliyepokewa. Makao ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kiyahudi yakapanuka haraka. Makao ya Kiyahudi yaliyofunguliwa mwaka 1860, ambayo baadaye yalihamia Amsterdam Avenue, yalifikia kulea zaidi ya watoto 1,000 kwa wakati mmoja kabla ya kufungwa mwaka 1941. Idadi kama hiyo haitokani na vifo peke yake. Inatokana na umaskini.

Mifano ya watu mashuhuri inatosha kumaliza ubishi. Babe Ruth, mchezaji wa besiboli ambaye hadi leo wengi humwita yatima, alipelekwa kwenye taasisi ya wavulana ya Baltimore mwaka 1902 akiwa na miaka 7, na wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Marilyn Monroe aliingizwa katika makao ya yatima ya Los Angeles mwaka 1935. Mama yake alikuwa amelazwa kwa maradhi ya akili, na alifariki mwaka 1984, karibu miaka 22 baada ya binti yake. Mwandishi Art Buchwald alipitia makao ya Kiyahudi ya New York wakati baba yake akiwa hai na mama yake akiwa hospitalini. Mtafiti ambaye angetafuta vyeti vya vifo vya wazazi wa watatu hawa katika miaka walipoingizwa makaoni asingepata kitu, na huenda angehitimisha kwamba nyaraka zimepotea.

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Anayeamini kwamba wazazi lazima walikufa hapumziki mpaka awapate wafu. Katika jiji lenye maelfu ya watu wenye majina kama Kelly, Murphy na Cohen, wafu wa jina linalotafutwa hawakosekani. Mtafiti humwokota mgeni aliyefariki katika mwaka unaofaa, humwandika kuwa babu mzaa babu, kisha huitangaza nasaba hiyo mtandaoni, ambako wengine huinakili bila kuihakiki. Huo si utafiti. Ni kuwapachika watoto wa watu kwenye kaburi la mtu mwingine, na kuisahihisha nasaba iliyokwisha kusambaa huchukua miaka.

Imani hiyo inaendelea kwa sababu tatu. Kwanza, taasisi zilitegemea pia sadaka, na ripoti zao za kila mwaka zilisisitiza upweke wa watoto ili kuwagusa wafadhili. Pili, familia zilificha aibu; kusema mama alikufa kulikuwa rahisi kuliko kusema aliugua akili, alitelekezwa au alizaa nje ya ndoa. Tatu, mradi uliokuja kujulikana kama treni za yatima uliwatenga watoto na jamaa zao. Shirika la Children's Aid Society, lililoanzishwa mwaka 1853 na Charles Loring Brace, lilianza mwaka 1854 kupeleka watoto wa jiji kwa familia za magharibi, na safari hizo ziliendelea hadi 1929. Waliosafirishwa na taasisi zote hukadiriwa kuwa takriban 200,000, na miongoni mwao wapo wengi ambao mzazi wao alibaki New York. Vizazi vyao vilirithi neno "yatima" na kuliamini.

Rejesta inaposomwa bila imani hiyo, hutoa habari nyingi. Safu ya jina na umri ndiyo inayotazamwa na kila mtu, lakini si yenye thamani zaidi. Safu muhimu ni mbili: nani alimleta mtoto, na alipoondoka alikabidhiwa kwa nani. Aliyemleta akiwa mama, kwa tarehe hiyo mama alikuwa hai. Aliyekabidhiwa mtoto akiwa mwanamke mwenye jina geni la ukoo, kabla ya kudhani ni mgeni, ichunguzwe kama mama aliolewa tena. Hali ya wazazi, ikiandikwa, huandikwa kwa kila mmoja peke yake, baba kando na mama kando, na tofauti hiyo isipuuzwe.

Daftari la ada ni ushahidi bora zaidi, na ndilo linaloombwa kwa nadra kuliko yote. Kila malipo yana tarehe, na kila tarehe inaonyesha kwamba mlipaji alikuwa hai na alijua mtoto yuko wapi. Malipo yakikoma ghafla, hapo ndipo pa kuanza kutafuta kifo, ugonjwa au kuhama. Kumbukumbu za vikao vya kamati hueleza maombi ya wazazi, na hati za kumkabidhi mtoto hubeba sahihi ya mzazi au alama aliyoichora kama hakujua kuandika. Mikataba ya kazi, iliyowapeleka watoto wakubwa kwa mafundi na wakulima, hutaja mahali walikokwenda.

Sensa inahitaji tahadhari. Mtoto wa makao huorodheshwa kama mkazi wa taasisi, na mara nyingi majibu yalitolewa na karani, si na mtoto wala jamaa yake. Familia yake inaweza kuwa ukurasa mwingine wa sensa ileile. Sensa ya 1880 ilikuwa na fomu ya nyongeza kwa watoto wasio na makazi waliokuwa katika taasisi. Fomu hiyo iliuliza kando kama baba amekufa na kama mama amekufa, tena ikauliza kama mtoto ametelekezwa, kama wazazi wameikabidhi taasisi mamlaka yao, na kama alizaliwa humo. Serikali isingeuliza maswali hayo kama kila mtoto angekuwa yatima.

Wapo watoto ambao kweli hawakuwa na mzazi wa kutajwa. Hao ni waliofiwa na wazazi wote na wale waliookotwa. Makao ya watoto wachanga yaliyofunguliwa mwaka 1869 na Sista Irene Fitzgibbon wa Masista wa Upendo yaliweka kitanda kidogo penye mlango ili mama aache mtoto bila kuulizwa. Baadhi yao waliachwa na kikaratasi kilichobandikwa kwenye nguo, na wengine walipewa jina na masista. Kwa mtoto wa namna hii, jina la ukoo linaweza kuwa la kubuniwa, na rejesta haitampata baba. Hata hivyo, mama aliyeandika kikaratasi alikuwa hai.

Njia za kufuata ni hizi. Dini ya familia ijulikane kwanza, kwa kuwa baada ya 1875 ndiyo inayoelekeza kwenye makao sahihi. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya jiji hupatikana katika hifadhi ya nyaraka ya manispaa, na tangu 2022 mamilioni ya vyeti vya zamani husomwa bure mtandaoni. Vitabu vya nyumba za maskini viko katika hifadhi hiyohiyo. Nyaraka za Children's Aid Society, za makao ya Masista wa Upendo na za makao ya watoto weusi yaliyoanzishwa mwaka 1836 zimehifadhiwa The New York Historical, iliyoitwa awali New-York Historical Society. Jengo la makao hayo ya mwisho lilichomwa na wafanya ghasia Julai 1863, lakini kuungua kwa jengo hakumaanishi kuungua kwa kumbukumbu zote, na hifadhi ina nyaraka za kuanzia 1836. Nyaraka za makao ya Kiyahudi ziko American Jewish Historical Society. Rejesta za ubatizo ziombwe parokiani. Ndugu wa mtoto watafutwe wote, kwa kuwa makao yaliwagawa kwa umri na jinsia. Sensa za jimbo, hasa ya 1892 pale iliposalia, na za 1905, 1915 na 1925, zitumike kujazia miaka ambayo sensa ya taifa haina, kwa sababu ile ya 1890 karibu yote iliteketea. Walioasiliwa kwa hati ya mahakama na kuzaliwa New York wanaweza kuomba cheti chao cha awali cha kuzaliwa tangu 15 Januari 2020. Kipimo cha vinasaba kifanywe baada ya nyaraka, si badala yake. Faili za miaka ya karibuni hufungwa kulinda faragha, hivyo uthibitisho wa undugu uandaliwe mapema, na maombi yatake faili nzima, si ukurasa wenye jina tu.

Cheti cha kifo kitafutwe pale tu nyaraka zinapoonyesha kwamba kifo kilitokea. Kabla ya hapo, kila mzazi wa mtoto wa makao achukuliwe kuwa hai, na atafutwe miongoni mwa walio hai: katika daftari la ada, katika sensa ya mtaa, katika ndoa ya pili, na katika sahihi ya siku aliyokuja kumchukua mwanawe.