Nani aliyesema mtoto wa jicho lazima akomae?

Mzee anayeanza kuona ukungu mbele yake huambiwa na majirani asifanye haraka ya kwenda hospitali. Mtoto wa jicho, wanasema, sharti akomae kwanza ndipo atolewe. Huyasikia hayo Kiminini, huyasikia Kimilili, na msemaji huyatamka kwa yakini ya mtu aliyeyapata kutoka kwa daktari. Ajabu ni kwamba hasemi uongo. Kwa hakika maneno hayo yalitoka kwa madaktari, ila madaktari wenyewe walikwisha kuyaacha zamani.

Yafaa tukumbuke kisa chake. Katika enzi ya upasuaji wa kale, daktari alikata jicho kwa upana, akaitoa lenzi yote iliyoingia ukungu, kisha akashona kwa nyuzi. Mgonjwa alitoka hospitalini bila lenzi, akapewa miwani yenye vioo vinene mithili ya tako la chupa. Miwani hiyo ikivunjika au ikipotea, alirudi gizani. Kwa hiyo daktari mwenye busara hakumpasua mtu ambaye bado aliweza kuiona njia ya kisimani, alimwambia angoje. Ushauri ulikuwa sahihi kwa zana za siku zile.

Kisha zana zikabadilika. Mnamo Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Harold Ridley alitia lenzi ya plastiki ndani ya jicho la binadamu kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa fani yake walimbeza kwa miaka mingi. Kwetu Afrika Mashariki lenzi hizo zilienea hasa katika miaka ya 1990, kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilipozitengeneza kwa bei ambayo hospitali za umma ziliweza kuimudu. Baadaye ikaja njia ya mkato mdogo usiohitaji hata uzi mmoja. Daktari aliyehitimu katika miaka ya 1970 alilazimika kuketi tena kama mwanafunzi, akajifunza kufanya kazi kwa hadubini, akaifunza mikono yake adabu mpya. Wako waliokwisha kupata mvi ndipo wakaanza upya, nao wanastahili heshima yetu.

Leo hakuna haja ya kungoja ukomavu. Kungoja huleta hasara: lenzi huzidi kuwa ngumu, upasuaji huzidi kuwa mgumu, na lenzi iliyopitiliza huweza kuvuja na kupandisha shinikizo ndani ya jicho. Lakini neno "kukomaa" limebaki vinywani mwa watu. Elimu mpya ilimfikia daktari; lugha ya mgonjwa haikufikiwa. Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni isimu wala si tiba, ninapodiriki kutia neno.

Elimu endelevu ya madaktari wa macho si jambo la kubahatisha tena. Daktari wa Kenya anayetaka leseni yake ifanywe upya kila mwaka hudaiwa na baraza la taaluma yake alama 50 za mafunzo. Tangu mwaka 2012 kipo Chuo cha Madaktari wa Macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Nairobi, kinachounganisha mafunzo na mitihani ya nchi kadhaa. Lipo jarida la afya ya macho ya jamii ambalo limekuwa likitolewa London tangu 1988 na kutumwa bila malipo, kwa Kiingereza, na pia kwa Kifaransa na Kihispania. Yapo hata macho ya bandia ya kufanyia mazoezi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wanagenzi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waliofunzwa kwanza kwa macho hayo waliwashinda kwa stadi wenzao ambao walikuwa hawajayagusa. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Nani angependa mkono wa mwanagenzi ujifunzie kwenye jicho la mamake?

Walimu wataielewa hali hii upesi. Mwaka 2021, Tume ya Huduma kwa Walimu ilipozindua mafunzo yao ya lazima, malalamiko yalikuwa ya ada: shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Kwa daktari wa macho wa Kitale au Bungoma gharama kubwa zaidi ni ya siku. Nairobi iko umbali wa kilomita zipatazo 380 kutoka Kitale. Mpasuaji akiwa peke yake, au wakiwa wawili tu, kila siku anayokaa kwenye semina ni siku ambayo meza ya upasuaji imefunikwa shuka, na wazee waliofika kwa matatu kutoka Kapenguria au mlimani Elgon wanaambiwa warudi wiki ijayo. Wengine hawarudi.

Basi ikiwa siku hizo ni chache na ghali hivyo, ni haki kuuliza zinafundisha nini. Ukitazama mambo yanayohesabiwa alama, aghalabu ni mkono na mashine: mbinu, dawa mpya, picha za sehemu ya nyuma ya jicho. Dakika tano za kwanza, mgonjwa anapoeleza kinachomsumbua na daktari anapomweleza atakachofanya, zimeachiwa kipaji cha mtu binafsi.

Chukua mfano wa "presha ya macho". Ndilo jina ambalo wengi wetu tunalitumia kwa glakoma, ugonjwa ambao maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri na neva ya kuonea ikafa polepole, kwa kawaida bila maumivu. Msikilizaji wa kawaida anaifahamu presha moja tu, ile ya damu. Akiambiwa ana presha ya macho, yaelekea atapunguza chumvi, au atameza vidonge vya mkewe. Dawa ya matone aliyopewa itakwisha naye hatanunua nyingine kwa kuwa hakusikia pahali popote kwamba ni ya maisha yake yote. Kibaya zaidi ni pale anapochanganya glakoma na mtoto wa jicho. Uoni uliozibwa na mtoto wa jicho hurejea kwa upasuaji. Uliochukuliwa na glakoma haurejei kamwe. Mzee mwenye glakoma anayengoja "ikomae" anangoja upofu.

Ukitoka Kitale ukapitia Kamukuywa hadi Webuye, kisha ukashika njia ya Bungoma, utakuwa umepita katikati ya lugha za jamii kadhaa: Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, na huko Kitale Wapokoti na Waturkana. Kwa Mbukusu jicho ni emoni, na wingi wake chimoni. Mswahili atasikia humo neno lake la mboni, na hakosei, kwani yanaelekea kuwa ya shina moja. Lakini kwa Kiswahili mboni ni ile duara nyeusi ya katikati, ilhali emoni ni jicho zima. Mgonjwa wa Bungoma akisema "mboni yangu inauma", huenda amekusudia jicho lote, na daktari aliyekulia Mombasa au Nyeri akaandika jambo jingine. (Kwa faida ya wanafunzi wa isimu: Wakalenjin huyaita macho konyek, na Wamaasai inkonyek, jambo linaloonyesha udugu wa Waniloti. Udugu huo, hata hivyo, haumsaidii muuguzi wa Kibukusu kumwelewa bibi wa Kisabaoti.)

Nitajibiwa kwamba wakalimani wapo. Wapo, naam: mfagiaji wa wodi, au mjukuu aliyekuja kumshika bibi mkono. Mjukuu wa darasa la tano huulizwa amweleze nyanyake kuwa kitatolewa kile kilichoingia ukungu na kuwekwa kingine. Bibi husikia kwamba watang'oa jicho. Asubuhi ya upasuaji kitanda ni kitupu, na kwenye daftari huandikwa kuwa mgonjwa "alikataa".

Kwa watoto ngoja-ngoja hii ni hatari kupita kiasi. Mtoto mdogo mwenye weupe ndani ya mboni anaweza kuwa na mtoto wa jicho, ambaye asipotolewa mapema ubongo hukosa kujifunza kuona kwa jicho lile. Anaweza pia kuwa na saratani ya jicho, ambayo ikicheleweshwa huua. Mzazi hana namna ya kuzitofautisha hali hizo mbili kwa macho yake, wala mwalimu hana. Akiwa amekwisha kuambiwa na jirani kwamba vitu hivi hungojewa vikomae, atangoja.

Na bado ushahidi wa nguvu ya habari iliyofika vizuri tunao papa hapa. Dkt Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule 50 za msingi za Trans Nzoia, lenye watoto zaidi ya 20,000. Katika shule zote walimu ndio waliopima macho. Nusu ya shule zilitumia ubao wa kawaida, na mtoto aliyeonekana kuwa na kasoro alipewa barua ya kwenda hospitali. Nusu nyingine zilitumia programu ya simu iitwayo Peek. Humo mzazi alipelekewa arafa za kumkumbusha, na akaonyeshwa kwa picha jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu. Katika shule za barua, asilimia 22 ya watoto waliotakiwa kwenda hospitali walikwenda. Katika shule za simu, asilimia 54.

Wengi wameyasoma matokeo hayo kama ushindi wa simu. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Kazi ya kupima ilifanywa na walimu kwa pande zote mbili. Kilichotofautiana sana ni jinsi mzazi alivyoelezwa. Barua ilimwambia kuna kasoro. Picha ilimtia ndani ya jicho la mtoto wake. Wala tusisahau kuwa hata huko karibu nusu hawakufika.

Ninachoomba, basi, si kikubwa. Baraza la madaktari na lile la maafisa wa kliniki, ambao ndio hubeba sehemu kubwa ya kazi ya macho katika kaunti zetu, yakubali kuhesabu alama kwa kipindi cha lugha kinachofanyika katika hospitali yenyewe, Kitale au Bungoma, mchana ambao hakuna upasuaji. Aketi mpasuaji, aketi muuguzi anayepokea wagonjwa mlangoni, aitwe mwalimu wa Kiswahili na mwingine anayejua Lubukusu au Kisabaoti. Waandike pamoja sentensi ambazo mgonjwa ataambiwa kuhusu mtoto wa jicho, kuhusu glakoma, kuhusu weupe katika jicho la mtoto. Kisha wazijaribu kwa wazee walioko kwenye benchi nje, wawaombe wazirudie kwa maneno yao, na wasikilize wanarudisha nini. Kazi hiyo haina haja ya hoteli wala mgeni wa kutoka ng'ambo. Inahitaji chumba, saa mbili, na mtu wa kupiga muhuri wa alama.