Miche ya Bei ya Punguzo: Itambuliwe Kabla ya Kupandwa

Masika yanapofikia ukingoni, vitalu vingi hubaki na miche ambayo haikupata wanunuzi. Majani yake huwa yamepauka, viriba vimechakaa na vibao vya majina vimepotea. Ili kupata nafasi ya kuotesha miche mipya, wenye vitalu huiuza kwa bei ya chini. Kwa kaya inayohitaji matunda au kivuli, hiyo ni fursa njema. Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ni ghali: mche usiojulikana unaweza kumgharimu mkazi miaka kadhaa ya kusubiri tunda asilolitarajia.

Je, mche ungali hai?

Gome likwanguliwe kidogo kwa ukucha. Rangi ya kijani chini yake huonesha uhai, hata kama majani yamepukutika. Rangi ya kahawia na ukavu ni dalili kwamba sehemu hiyo imekufa. Mizizi nayo itazamwe. Iliyo myeupe au ya kahawia hafifu na migumu ni mizima. Iliyo myeusi, laini na yenye harufu mbaya imeoza, na mche huo usinunuliwe.

Ni mche gani?

Majani ya jamii ya mchungwa yakielekezwa kwenye mwanga huonesha vitone vingi vidogo, na yakifikichwa hutoa harufu kali. Majani ya mpera huota mawili mawili yakitazamana.

Mchungwa unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mara nyingi hubebeshwa juu ya shina la mlimau. Kikonyo kikifa, shina la chini huchipua, na anayedhani amenunua mchungwa huishia kuvuna malimau. Kwa hiyo, kovu la kubebeshea litafutwe na ihakikishwe kwamba matawi mabichi yanatoka juu yake. Machipukizi machanga ya mlimau huwa na wekundu wa zambarau. Ya mchungwa huwa ya kijani.

Miche ya maua itambuliwe kwa tahadhari kubwa zaidi. Oleanda ya njano, yenye majani membamba, maua yenye umbo la faneli na utomvu mweupe, ina sumu katika sehemu zake zote. Haifai kupandwa mahali wanapocheza watoto au wanapofungwa mifugo. Mche wowote usiojulikana usionjwe.

Kuuhuisha

Kiriba kitumbukizwe katika ndoo ya maji hadi mapovu yakome, kisha kiachwe kichuruzike. Mche ukae kivulini kwa takribani wiki mbili, mbali na mimea mingine, ili wadudu mafuta na vidugamba wasienee. Matawi makavu yakatwe, pamoja na machipukizi yote yaliyo chini ya kovu. Mbolea ya viwandani isitumike mpaka majani mapya yatokeze.

Wakati wa kupanda, kiriba kiondolewe chote na mizizi iliyojizungusha inyooshwe au ikatwe, kwani ikiachwa itaukaba mti ukubwani. Kovu libaki juu ya udongo. Mkazi asiye na maji ya uhakika autunze mche kivulini hadi mvua za vuli.

Mwenye shaka achukue tawi dogo lenye majani na kulipeleka kwa afisa ugani wa kijiji au kata yake kabla ya kuchimba shimo.